Mbwa ao Paka Wako Akiumia: Msaada wa Kwanza Katika Lupango



Ukurasa huu wa usalama na afya unazoea kuwafundisha namna ya kumsaidia mtu mwenye kuumia kazini ao nyumbani. Somo la leo ni juu ya wale wenye kukaa pamoja nasi katika lupango, wenye kula mabaki ya bukari yetu, lakini hawawezi kusema wanaumwa wapi. Ni mbwa, paka na kuku wetu.

Labda mmoja atauliza: «Munganga wa watu anatafuta nini kwa mbwa?» Sababu ziko tatu. Ya kwanza: wanyama hawa wanatufanyia kazi. Mbwa analinda nyumba wakati baba yuko kazi ya usiku, paka anafukuza panya katika unga, na kuku ni franga ya masomo ya watoto. Ya pili: mnyama mwenye maumivu anauma, na mara nyingi wa kwanza kuumwa ni mtoto mwenye kumpenda. Ya tatu ni kubwa kupita zote: kuna ugonjwa mmoja, kichaa cha mbwa, wengine wanauita raje, unaotoka kwa mnyama na kuingia kwa mtu. Mtu akiisha kuonyesha dalili zake, karibu hakuna mwenye kupona. Lakini mtu mwenye kufanya mambo ya lazima mapema anaokoka.

Basi tusome pole pole, jambo moja kisha lingine.

1. JILINDE WEWE KWANZA

Kazini tunafundishwa: kabla ya kukimbilia mwenzako aliyeanguka, angalia kama jiwe lingine haliko karibu kuanguka. Hapa ni vile vile.

Mbwa aliyegongwa na motokari barabarani: simamisha motokari kwanza, ao ita watu wazuie njia. Mbwa aliyeguswa na waya wa umeme: usimshike. Zima umeme kwanza. Kama waya ni wa barabarani, kaa mbali na watoto wakae mbali, mpaka watu wa umeme wafike. Watu wawili wamekwisha kufa kwa kutaka kuokoa mmoja. Usikufe juu ya mbwa.

Mbwa mwenye maumivu makali anaweza kuuma hata bwana wake. Hiyo si ubaya, ni uchungu. Mkaribie kwa upande, si mbele ya uso. Sema naye kwa sauti ndogo. Usiiname juu yake, usimkumbatie. Watoto waende nyuma.

Kama ni lazima kumshika, mfunge mdomo. Chukua kitambaa kirefu ao kamba laini. Fanya kitanzi, kipitishe juu ya pua, kaza kidogo, vuka chini ya kidevu, kisha funga nyuma ya masikio kwa fundo lenye kufunguka upesi. Lakini usimfunge mdomo mbwa mwenye kutapika, mwenye kupumua kwa shida, ao aliyepoteza akili: atakosa hewa. Paka hafungwi mdomo. Mtupie kitambaa kizito ao blanketi, mviringishe ndani yake, kichwa kikae nje. Jino la paka ni jembamba kama sindano, linaingiza uchafu ndani sana ya mkono, na mkono unavimba siku ya pili.

Angalia neno hili: kama ni mbwa usiyemjua, mwenye kutembea ovyo, mwenye mate mengi ao mdomo wenye kuning'inia, usimguse kabisa. Soma sehemu ya 8.

2. MWANGALIE VIZURI

Munganga anaanza na macho kabla ya dawa. Angalia mambo manne.

Pumzi. Mbwa mwenye kupumzika anapumua mara 10 mpaka 30 kwa dakika moja. Paka mara 20 mpaka 30. Hesabu namna kifua kinapanda.

Ufizi. Inua mdomo wa juu. Ufizi mzuri una rangi ya waridi. Ufizi mweupe unaonyesha damu imepungua, labda inatoka ndani ya tumbo ambako huioni. Ufizi wa buluu unaonyesha hewa imekosa. Finya ufizi na kidole, kisha achia: rangi inapaswa kurudi kabla ya kuhesabu mbili. Mbwa wengine wana ufizi mweusi toka kuzaliwa. Kwa hawa angalia ndani ya kope la jicho.

Moyo. Weka vidole ndani ya paja la nyuma, juu kabisa, utasikia mshipa unapiga.

Joto la mwili. Mbwa na paka wana moto kutupita: digrii 38 mpaka 39 ni kawaida kwao. Kwa hiyo mbwa mwenye masikio ya moto si lazima mgonjwa.

Jifunze mambo haya leo, mnyama akiwa mzima. Mtu mwenye kujua uzima ndiye anatambua ugonjwa upesi.

3. DAMU, MIFUPA NA MOTO

Damu yenye kutoka. Chukua kitambaa safi, weka juu ya kidonda, kandamiza kwa mkono bila kuachia, dakika 5 mpaka 10. Usifungue kila mara kuangalia, kwa sababu utaondoa damu iliyoanza kuganda. Kama kitambaa kimelowa, ongeza kingine juu yake. Kisha funga kwa bande, isikaze mpaka mguu kuvimba. Kama kitu kimechoma na kimebaki ndani, chuma ao kijiti, usikivute. Funga pembeni yake na mpeleke.

Kidonda kidogo. Osha kwa maji safi mengi, hata maji yenye chumvi kidogo: kijiko kidogo kimoja cha chumvi katika nusu litri ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Usitie majivu, mafuta ya motokari, unga wa betri ya redio, wala petroli. Vitu hivi vinachoma nyama, na mnyama anavilamba.

Mfupa uliovunjika. Usijaribu kuunyoosha. Munganga wa kunyoosha mifupa asiyeona picha ya ndani anaweza kukata mshipa. Mteleze mnyama pole pole juu ya ubao, mlango wa zamani ao blanketi lenye kuvutwa na watu wawili, mgongo ukae sawa. Vile vile tunavyombeba mfanyakazi aliyeanguka.

Kuungua. Katika nyumba zetu mbabula iko chini, pale watoto na paka wanapopita. Maji ya bukari ao mafuta ya moto yakimwagika, mwagia maji baridi ya kawaida kwa dakika 10 mpaka 20. Si barafu, si mafuta, si dawa ya meno, si yai. Kama ni asidi ya betri ya motokari, osha kwa maji mengi zaidi, na wewe linda macho yako.

Neno juu ya mbabula. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, wengine wanaingiza mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kutaka vifaranga wasife baridi. Makala yenye kuwaka yanatoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi. Zamani katika migodi ya makaa ya mawe huko Uingereza watu walishuka na ndege mdogo katika kitundu. Ndege akianguka, watu walijua hewa hiyo iko pale, wakakimbia. Desturi hiyo iliachwa mwaka 1986, vyombo vikachukua nafasi ya ndege. Basi ukikuta asubuhi vifaranga wamekufa wote katika chumba cha mbabula, na wewe kichwa kinauma, toka nje upesi na watu wote. Vifaranga wamekuonya.

4. SUMU

Hii inaua mbwa na paka wengi, na mara nyingi sumu imetoka mkononi mwetu wenyewe.

Dawa ya panya. Iko ya namna nyingi. Moja inazuia damu kuganda. Mbwa akiila, leo anacheza, kesho anacheza, siku ya tatu ao ya tano anaanza kutoka damu puani, katika ufizi, ao anahema kwa sababu damu imejaa kifuani. Kwa hiyo usingoje dalili. Ukiona amekula, mpeleke siku ile ile: munganga wa wanyama ana vitamini K1 yenye kusaidia.

Dawa ya wadudu wa shamba, yenye kuuzwa sokoni katika vichupa bila karatasi ya jina. Hii inaleta mate mengi, kutetemeka, kuhara, na mboni za macho kuwa ndogo. Inaua katika saa chache. Na mtu anaweza kupata sumu kwa kumshika mbwa mwenye dawa hiyo juu ya manyoya. Vaa glavu ao mifuko ya plastiki, osha mikono na sabuni.

Dawa za watu. Msimpe paka dawa ya kichwa, paracetamol. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka mzima, maana mwili wake hauna nguvu ya kuivunja. Na ibuprofen inatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Dawa ulizopewa dispansere ni zako peke yako.

Vyakula. Vitunguu vingi vinaharibu damu ya mbwa na paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama kioo na kuchoma matumbo.

Nini cha kufanya? Ondoa sumu iliyobaki mdomoni na mbele yake. Kama iko juu ya manyoya, mwoshe na maji na sabuni. Chukua karatasi, kichupa, hata matapishi katika mfuko, upeleke pamoja naye. Usimlazimishe kutapika, zaidi sana kama amekunywa petroli, asidi ao javeli: vitu hivi vinachoma mara ya pili katika kupanda, na vinaingia mapafuni. Usimmiminie maziwa ao mafuta ya ngazi kwa nguvu. Watu wengi wanaamini vinakata sumu. Havikati, mbwa dhaifu anavivuta mapafuni na kufa na kitu kingine.

Na sisi tujifunze: sumu ya panya iwekwe mahali mtoto na mbwa hawafiki. Panya aliyekufa achomwe ao azikwe ndani sana, paka asimle.

5. NYOKA, FUNZA NA KUPE

Nyoka. Mbwa aliyeumwa na nyoka asitembee: mbebe. Usikate kidonda, usikinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usipoteze saa kwa jiwe jeusi. Kama ni nyoka mwenye kutema mate machoni, osha macho ya mbwa kwa maji safi dakika 15, kisha mpeleke. Mtu pia ni vile vile.

Funza wa ngozi. Katika mvua mnaona vipele juu ya ngozi ya mbwa, vyenye kitundu kidogo katikati. Ni mtoto wa nzi mmoja mwenye kutaga mayai katika mchanga wenye kivuli na juu ya nguo zenye maji. Paka vazeline juu ya kitundu, ngoja, funza atakosa hewa na kujitokeza, kisha mfinye pole pole pande mbili atoke mzima. Asipasuke ndani. Mbwa akiwa na funza, jueni nzi iko katika lupango: nguo za mtoto mchanga zipigwe pasi pande zote, hata kwenye mishono.

Kupe. Mshike karibu ya ngozi kwa kikoleo kidogo, mvute sawasawa bila kuzungusha. Usimchome na moto, usimpake petroli. Usimpasue na kucha.

6. KUHARA, KUTAPIKA NA JOTO KALI

Mtoto wa mbwa mwenye kutapika na kuhara damu yenye harufu mbaya sana, mara nyingi ana ugonjwa wa parvo. Ugonjwa huu ulijulikana duniani mwaka 1978, na sasa uko karibu kila nchi. Kirusi chake kinakaa katika udongo miezi mingi. Kwa hiyo usilete mbwa mdogo mwingine katika lupango ile upesi. Sementi na vyombo vioshwe na javeli: kipimo kimoja cha javeli katika vipimo 30 vya maji. Chanjo iko, ni rahisi kupita dawa ya kutibu.

Kuhara kunaua kwa kukausha maji ya mwili. Vuta ngozi ya mabega: kama inarudi pole pole, maji yamepungua. Changanya litri 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ni maji yale yale ambayo Mama anampa mtoto mwenye kuhara. Mpe kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, kila dakika chache. Akitapika, ngoja, anza tena. Asipoweza kumeza, usimmiminie.

Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijaanza, jua letu ni kali. Mbwa aliyefungwa kamba fupi bila kivuli, ao aliyefungiwa ndani ya motokari, anahema sana, mate yanakuwa mazito, anayumba, anaanguka. Mpeleke kivulini, mlowanishe mwili wote kwa maji, mpepee, mpe maji kidogo akiweza kunywa. Kisha munganga, hata kama ameamka, kwa sababu figo zinaweza kuharibika nyuma.

7. KUKU

Kuku wengi wakianza kufa pamoja, shingo zimepinda, mavi ya kijani, pumzi zenye kelele, hiyo mara nyingi ni ugonjwa wa Newcastle. Hauna dawa ya kutibu. Msipoteze franga kwa vidonge. Dawa ni chanjo kabla: iko ya namna ya tone moja katika jicho la kuku, na inarudiliwa kila baada ya miezi mitatu ao minne. Majirani wakichanja pamoja siku moja, franga inapungua na ugonjwa unakosa njia.

Kuku waliokufa na ugonjwa wasiliwe, wasiuzwe sokoni, wasitupwe mtoni. Wachomwe ao wazikwe. Mwenye kuwashika aoshe mikono na sabuni.

8. KICHAA CHA MBWA

Hapa ndugu, someni pole pole, na mwenye kujua kusoma amsomee asiyejua.

Kichaa cha mbwa ni kirusi chenye kukaa katika mate. Kinaingia kwa jino, kwa kucha yenye mate, ao mate yakigusa kidonda, jicho ao mdomo. Kisha kinatembea pole pole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongo. Safari hiyo inachukua mara nyingi miezi miwili ao mitatu. Inaweza kuwa juma moja tu, inaweza kuwa mwaka. Hapo ndipo watu wanadanganyika. Kidonda kimepona, mtoto anakwenda masomo, kila mtu amesahau. Kisha anaanza homa, anasikia kidonda cha zamani kinamwasha, anaogopa maji, koo linakaza. Wakati huo watu wanasema amerogwa. Si uchawi. Ni jino la mbwa la miezi mitatu iliyopita.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba ugonjwa huu unaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi sana katika Afrika na Asia. Katika watu mia moja wenye kufa nao, 99 waliupata kwa mbwa. Na wanne katika kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Juu ya nini watoto? Wanacheza na mbwa, ni wafupi hata wanaumwa usoni na kichwani karibu ya ubongo, na wanaficha kidonda kwa kuogopa kupigwa. Baba, Mama: mtoto mwenye kusema «mbwa ameniuma» asipigwe hata siku moja. Mwambieni asante kwa kusema.

Dalili kwa mbwa: amebadilika tabia. Mkali anakuwa mpole ajabu, mpole anakuwa mkali. Anauma mawe, miti, hewa. Sauti yake inageuka. Mate yanatoka, taya la chini linaning'inia, miguu ya nyuma inalegea. Angalieni: wengine hawawi wakali kabisa. Wanajificha gizani na hawawezi kumeza. Mtu anafikiri mfupa umemkwama kooni, anaingiza mkono kuutafuta. Usiingize mkono!

Mtu akiumwa na mbwa, paka ao mnyama wa pori, fanya hivi:

Moja. Osha kidonda mara hiyo hiyo na maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Tazama saa. Sabuni ya kufulia inatosha, maji ya bomba ao ya kisima ni mamoja. Kazi hii ndogo inaua virusi vingi kabla havijaingia katika mishipa.

Mbili. Tia dawa yenye iode ao alkoli. Usitie pilipili, majivu, manyoya ya mbwa yaliyochomwa, wala dawa ya miti. Usikishone kidonda nyumbani.

Tatu. Njoo dispansere siku ile ile, hata usiku, hata kama kidonda ni kama mkwaruzo. Mara nyingi tunaona watu wanakuja siku ya tatu, kidonda kikiisha kuvimba. Hata hao tunawapokea, na aliyeumwa mwezi uliopita aje pia. Lakini saa ya kwanza ndiyo bora. Munganga ataangalia chanjo ya kichaa, chanjo ya pepopunda, na kwa kidonda kikubwa ao cha damu, dawa nyingine yenye kuchomwa ndani na pembeni ya kidonda chenyewe. Chanjo inakwenda kwa siku zilizopangwa, ya kwanza siku ile, kisha siku ya 3, siku ya 7, na nyingine kama munganga anavyoandika. Usiache katikati kwa sababu unajisikia mzuri.

Nne. Mbwa asiuawe upesi kama anaweza kufungwa bila hatari. Mfungeni peke yake, apewe chakula na maji kwa mbali, aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na kichaa katika mate siku alipouma. Akigonjwa ao akikufa, munganga wa wanyama aitwe. Lakini mtu asingoje siku hizo 10 ndipo aanze chanjo. Anaanza leo.

Tano. Mbwa mwenye kushukiwa asichinjwe, asiliwe, asipewe jirani. Mwenye kumpasua anajitia kirusi mkononi.

Watu walianza kushinda ugonjwa huu zamani. Mwaka 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa, na mtoto akapona. Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895, na ndiyo sababu kila tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia nzima ya kukumbuka kichaa cha mbwa.

Na hapa kwetu Afrika inawezekana. Kisiwa cha Pemba, Tanzania, kilichanja mbwa wake, ugonjwa ukaisha mwaka 2014. Mwaka 2016 mbwa wagonjwa waliingizwa na watu kutoka nje, vifo vikaanza tena. Wakachanja tena kwa nguvu, na mwaka 2018 ugonjwa ulimalizika mara ya pili. Mafundisho ni mawili: chanjo inashinda, na mbwa mmoja mwenye kuletwa bila chanjo anaweza kuharibu kazi ya miaka. Waganga wanasema mbwa 70 katika 100 wakichanjwa kila mahali, ugonjwa unakosa njia. Si lazima wote. Lakini wako asiwe katika wale 30.

9. CHANJO NA SANDUKU DOGO

Mtoto wa mbwa achanjwe chanjo ya kichaa akifika miezi mitatu, kisha arudiliwe kwa tarehe iliyoandikwa katika karatasi yake. Paka pia. Chunga karatasi hiyo pamoja na karatasi za watoto. Lubumbashi ina bahati: Chuo Kikuu chetu kina Fakilte ya Uganga wa Wanyama yenye kufundisha waganga hao. Uliza mapema munganga wa wanyama wa karibu ni nani na bei ni ngapi. Usiulize usiku mbwa akiwa anakufa.

Weka katika kopo lenye kifuniko: vitambaa safi viwili vitatu, bande, kipande cha sabuni, dawa yenye iode, chumvi, kikoleo kidogo, glavu, kamba laini ya kufunga mdomo, na karatasi yenye namba ya simu ya munganga. Kopo hilo halina bei kubwa.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA NYUMBANI

1. Mbwa wa jirani amemkwaruza mtoto na jino, damu kidogo tu. Utafanya nini katika dakika 15 za kwanza? Utakwenda wapi siku ile?

2. Paka amekunywa petroli. Juu ya nini hatumfanyi atapike?

3. Mbwa wako amekula sumu ya panya jana, leo anakimbia vizuri. Je, amepona?

4. Ufizi mweupe unaonyesha nini?

5. Karatasi ya chanjo ya mbwa wenu iko wapi sasa? Nani atakwenda kuichukua?

Swali la tano mlijibu kwa miguu, si kwa mdomo. Kama karatasi haionekani, ao kama tarehe imepita, basi kazi ya juma hili imejulikana.

Usalama unaanza nyumbani.

Munganga msaidizi wa dispansere ya kampani